Mteja aliingia na akaunti ya kawaida akajipa uadmin, alipitia wapi?

Saiba58 (Nakuru)
Wadau habari za jioni, naombeni msaada. Niko na saiba hapa Section 58, kazi ni zile mnajua, ritani za kodi za KRA, maombi ya mkopo wa HELB, eCitizen, kuprinti na kuskani. Mashine zote ni Windows 10, mteja anatumia akaunti ya kawaida yenye haiwezi kuinstoli kitu, halafu kuna programu ya kuhesabu dakika yenye fundi alituwekea. Juzi nikapata mashine ya kona haihesabu tena, kuangalia hivi akaunti ya mteja iko ndani ya kundi la Administrators! Paswadi ya admin tunaijua mimi na mke wangu tu. Pesa ya dakika si neno, kinachoninyima usingizi ni kwamba watu wanaskani vitambulisho hapo na wanafungua iTax, sasa huyu mtu alipitia wapi na ameona nini?

Barobaro_Bungoma
Badilisha paswadi mkuu, kuna mtu alikuchungulia ukitaipu, imeisha hiyo.

FundiKondele (Kisumu)
Omera usikimbilie paswadi. Mtu akishakuwa ndani ya mashine na akaunti ndogo hahitaji paswadi yako, anatafuta tu faili yenye mfumo unaiendesha na nguvu kubwa lakini yeye ameruhusiwa kuiandika. Hiyo programu ya dakika lazima ni sevisi, yaani programu yenye Windows inaiwasha yenyewe nyuma ya pazia. Fungua CMD uandike icacls (amri ya kuonyesha nani ameruhusiwa nini) kisha njia ya folda yake, halafu ingia services.msc uone Log On As, yaani sevisi inatumia akaunti gani, inasema nini, utuletee majibu yote mawili.

Saiba58 (Nakuru)
Log On As inasema Local System. Folda fundi aliiweka C:\Taima moja kwa moja, na icacls inasema:

BUILTIN\Administrators:(I)(OI)(CI)(F)
NT AUTHORITY\SYSTEM:(I)(OI)(CI)(F)
BUILTIN\Users:(I)(OI)(CI)(RX)
NT AUTHORITY\Authenticated Users:(I)(M)
NT AUTHORITY\Authenticated Users:(I)(OI)(CI)(IO)(M)

Sioni Everyone (kila mtu) popote, si basi iko sawa?

FundiKondele (Kisumu)
Haiko sawa hata kidogo. Angalia mistari ya Authenticated Users. Hiyo ni kila mtu aliyeingia na akaunti yoyote, pamoja na ya mteja. M ni ruhusa ya kubadilisha na kufuta, na I inamaanisha ruhusa imerithiwa kutoka juu, yaani kutoka C:\ yenyewe. Ndivyo Windows inakuja, folda yoyote mpya ikitengenezwa hapo juu kabisa kwa C:\ inarithi hiyo M. Ingekuwa ndani ya C:\Program Files watumiaji wa kawaida wangepata RX peke yake, kusoma na kuendesha basi.

Sasa unganisha. Sevisi inakimbia kama SYSTEM (ndio hiyo Local System), yenye iko na nguvu kushinda hata admin wako, na faili yake mteja anaweza kuigusa. Exe, ile faili ya programu yenyewe, ikiwa inakimbia haifutiki lakini jina lake linabadilishika, kwa hivyo mtu anaipa jina lingine anaweka yake hapo, halafu anangoja. Mteja hawezi kurestati sevisi lakini nani anahitaji hiyo, nyinyi mnazima mashine kila jioni na stima ikipotea ni hivyo hivyo. Asubuhi ikiwaka Windows yenyewe ndio inamwendeshea programu yake kama SYSTEM. Hakuna paswadi iliyoibwa hapo, na kusema ukweli fundi aliyeweka kitu kama hiyo C:\ angepaswa kujua hilo.

Barobaro_Bungoma
Kwa hivyo paswadi haina haja kubadilishwa?

FundiKondele (Kisumu)
Iko na haja sana, lakini baada ya kuziba. Mwenye amefika SYSTEM anaweza kutoa heshi za paswadi (paswadi zikiwa zimegeuzwa kuwa kodi) kwa mashine, na saiba nyingi mashine zote ziko na paswadi moja ya admin, akipata moja amepata zote. Weka tofauti kila mashine. Na ile ya kona usiitibu, format, huwezi jua aliacha nini.

Pia jaribu icacls C:\Windows\System32\config\SAM. Ukiona BUILTIN\Users:(I)(RX) hapo, hiyo ni shimo la usalama linaloitwa CVE-2021-36934 la Julai 2021, Windows 10 kuanzia 1809 iliachia watu wa kawaida wasome faili ya heshi. Apdeti peke yake haitoshi, shadow copies za zamani (nakala za diski zenye Windows inajiwekea) lazima zifutwe kwa sababu zinabaki na ruhusa mbovu. Na kumbuka Windows 10 sapoti iliisha 14 Oktoba 2025, panga kuhama.

Nyanya_wa_Lurambi (Kakamega)
Mwanangu mimi naendesha saiba pia, niongeze la wateja. Ukiwa na sababu ya kuamini vitambulisho vyao vimefikiwa na wanaweza kudhurika, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka Kamishna wa Data aambiwe ndani ya saa 72 tangu ujue. Usimkamate mteja yeyote kwa kushuku tu. Toa kwanza nakala ya diski ya hiyo mashine kabla ya kuformat, ukishapeleka kesi kwa Sheria ya Makosa ya Kompyuta ya 2018 utaulizwa ushahidi. Na wale wateja unaowajua wapigie simu leo wabadilishe paswadi za iTax, hiyo usingoje mtu.

Saiba58 (Nakuru)
Asante sana nyanya, asante fundi. Kamishna nitamwandikia usiku huu. Hizo mashine zingine naweza kurekebisha folda tu ama lazima niinstoli upya?

FundiKondele (Kisumu)
Kama zingine umezikagua ziko safi, toa programu uiweke upya ndani ya Program Files, hiyo ndio safi zaidi. Ikikataa kukaa huko, fungua CMD kama admin:

icacls C:\Taima /inheritance:d
icacls C:\Taima /remove:g "Authenticated Users"

Ya kwanza inakata urithi, ya pili inatoa hao watu. Ukimaliza ingia na akaunti ya mteja, jaribu kutengeneza faili ya maandishi ndani ya folda na kubadilisha jina la ile exe. Ikikubali moja ya hizo, mlango bado uko wazi, rudi hapa na icacls mpya.