P900, 150-600 au f/11: ipi itatoa picha kali za ndege Nakuru, Dunga na Kakamega?

kwera_wa_nakuru

Wadau hamjambo. Bajeti inaruhusu kifaa kimoja tu cha kupigia ndege picha, na machaguo yamebaki matatu:

– Nikon P900: lenzi haibanduki, zumu mara 83, sawa na milimita 2000.
– DSLR (kamera yenye kioo ndani) ya mtumba yenye sensa ya APS-C, yaani ya ukubwa wa kati, pamoja na lenzi ya Sigma 150-600 Contemporary ya f/5-6.3 (f ni upana wa tundu la lenzi: namba ikikua, mwanga unapungua).
– Canon isiyo na kioo, pamoja na lenzi ya RF 600 f/11.

Kazi ni Ziwa Nakuru ndani ya gari, Dunga (ufukwe wa Ziwa Victoria, Kisumu) kwa mtumbwi, na msitu wa Kakamega mara mojamoja. Ukisoma karatasi za kiwandani, P900 inawaacha wenzake mbali. Mtego uko wapi?

mnandi74

Mtego ni hiyo 2000 yenyewe. Sensa ya P900 ni ndogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Zumu ikifika mwisho, lenzi hubaki f/6.5, kwa hiyo ISO (unyeti wa sensa kwa mwanga) inapanda mapema, na ukivuka 800 manyoya ya ndege yanaanza kuonekana kama yamepakwa kwa brashi. RAW (faili ghafi unayoirekebisha mwenyewe) haina, JPEG iliyokwisha kupikwa ndiyo unayopewa. Kwa ndege anayeruka ni shida tupu: inapiga picha saba kwa sekunde moja, halafu inanyamaza ikiandika kwenye kadi, na furukombe keshaondoka na samaki wake.

Inapofaa ni ndege aliyetua, kwenye jua, mita 20 mpaka 40. Rudisha zumu hadi kama 1200, egemeza, piga. Ukimpoteza ndege, kuna kitufe ubavuni mwa lenzi kinachofungua picha kwa muda ili umtafute. Ukikiachia inarudi pale pale.

Sasa Nakuru. Watu wengi wanalaumu lenzi kumbe adui ni hewa. Kuanzia kama saa tatu asubuhi jua linapasha matope na magadi ya ukingoni, hewa inaanza kuchezacheza, na heroe (flamingo) walio mita 150 wanakuwa kama wamechorwa kwenye maji. Hayo ni mazigazi, na hakuna lenzi ya bei yoyote inayoyapenya. Kadiri unavyovuta zumu ndivyo unavyoyakuza pamoja na ndege.

Jipime hivi: lenga kisiki kwenye ile miti mikavu iliyozama ziwa lilipopanda, piga picha kumi mfululizo. Zikitofautiana, moja kali, nyingine imepinda, ni hewa. Zote kumi zikiwa na ukungu uleule, basi tafuta kosa kwenye fokasi au lenzi. Ikiwa ni hewa, achana na heroe wa mbali, geukia wanandi na wadiria waliotua kwenye matawi ya karibu na barabara.

Na gari lenyewe linatoa mazigazi. Asubuhi ya Nakuru ina baridi. Ukifungua dirisha, hewa ya moto ya ndani inatoka na kupita mbele ya lenzi. Zima hita, shusha vioo dakika kadhaa kabla, na usipige juu ya boneti.

mafunjo_dunga

Mzee Mnandi amesema kweli kuhusu hewa, lakini Dunga tatizo si mazigazi, ni mtumbwi. Sahau stendi ya miguu mitatu. Inapeleka kila mtikisiko wa mbao moja kwa moja kwenye kamera. Keti chini kabisa, viwiko juu ya magoti, mgongo usiegemee popote. Mwili wako ndio springi.

Kiimarishi cha lenzi kinatuliza mkono wako tu. Hakimtulizi ndege, wala unyasi wa mafunjo anaoning'inia. Kwa hiyo ndani ya mtumbwi hata ndege aliyetua anataka kasi ya shata ya 1/1600 ya sekunde, nami ningeanza na 1/2000. Anayeruka, 1/3200.

Hapa ndipo f/11 isidharauliwe. Ile RF 600 ina gramu 930. Sigma ina 1930. Baada ya saa mbili za kuinua na kushusha, mkono unaotetemeka unaharibu picha kuliko f/11. Jua likiwaka vizuri, f/11 na 1/2000 inahitaji ISO 1000 hivi, na sensa za leo haziogopi hiyo. Lenzi yenye f/6.3 ingehitaji kama 320. Tofauti ipo, ila si ya kulilia. Kasoro zake ni tatu: haina kinga ya maji, haifokasi kitu kilicho karibu kuliko mita 4.5, na kwenye kamera kama Canon R6 fokasi inafanya kazi katikati tu ya fremu, pembeni hakuna kitu. Ndege akikimbilia ukingoni mwa picha umempoteza.

Kuhusu saa: asubuhi Dunga inakupa zawadi mbili kwa pamoja. Ziwa liko upande wa magharibi, kwa hiyo jua linatoka mgongoni mwako na kumpiga ndege usoni. Na upepo wa asubuhi unatoka nchi kavu kwenda ziwani. Ndege hutua na kuruka akiuelekea upepo, maana yake anakuja akikutazama, mwanga machoni. Mchana upepo unageuka, unatoka ziwani, mawimbi yanaamka, na jua likishuka ndege wote wanakuonyesha mkia na kivuli. Ukichelewa hadi saa nne, kunywa chai tu.

Wa kujifunzia ni mdiria mweusi-mweupe. Anasimama hewani akipigapiga mabawa, lakini kichwa kinatulia kana kwamba kimepigiliwa msumari. Weka nukta moja ya fokasi kichwani, fokasi endelevu, piga mlolongo mfupi akiwa bado anaelea. Usimfuate akishuka, ukiona amekunja mabawa, umechelewa.

Ndege wa ndani ya mafunjo, kama yule mwekundu-mweusi mwenye utosi wa njano, *Laniarius mufumbiri*, ni habari nyingine. Kamera ikiachiwa ichague yenyewe inakamata unyasi ulio mbele yake. Hapo tumia nukta moja, ndogo kuliko zote, na umsubiri afike penye uwazi.

hondohondo_kkg

Mkileta f/11 Kakamega mtaona kilio. Chini ya miti mikubwa, saa nne asubuhi, ni kawaida kukuta f/6.3, 1/250 na ISO 3200 ndiyo inayotosha. Hesabu hiyohiyo kwa f/11 inakupeleka kwenye 10000 hivi, kwa sababu mwanga unaoingia ni theluthi moja. P900 ndiyo kabisa, picha ni chengachenga.

Msituni punguza kasi ya shata badala ya kupandisha ISO ovyo: ndege ametua, kiimarishi kimewashwa, 1/200 au 1/250, piga nane kumi mfululizo. Mbili tatu zitakuwa kali, kwa sababu ndege husimamisha kichwa kati ya mienendo. Shorobo mkubwa wa buluu, yeye yuko juu kwenye miti yenye matunda, mbingu nyeupe nyuma yake. Ongeza mwangaza +1 hadi +1.5, la sivyo unapata kivuli chenye mkia.

Unyevu wa huku huotesha kuvu ndani ya lenzi. Usiihifadhi kwenye mkoba uliofungwa ukiwa na umande.

fundi_fokasi

Ndugu Kwera, ukichukua ya mtumba, anzia hapo kwenye kuvu. Fungua lenzi hadi namba ya f iliyo ndogo kabisa, washa tochi ya simu upande mmoja, chungulia upande wa pili. Vumbi kidogo si neno. Nyuzi kama utando wa buibui, mrudishie mwenyewe.

Halafu pima fokasi. DSLR hufokasi kwa kihisi cha pembeni, si kwa sensa yenyewe, kwa hiyo lenzi nzima inaweza kulenga mbele au nyuma ya ndege kila mara. Milimita 600, f/6.3, mita 10, kwenye APS-C: kina kinachokuwa kikali ni sentimita 7 hivi. Kosa la sentimita nne linakupa mkia safi na jicho lenye ukungu.

Panga viberiti vitano juu ya meza kwa mshazari, kila kimoja sentimita 3 nyuma ya mwenzake, mita 10 kutoka kwenye kamera. Egemeza kamera kwenye mfuko wa maharagwe, kiimarishi kimezimwa, nukta ya fokasi kwenye kiberiti cha tatu. Piga mara kumi, na kila mara izungushe fokasi hadi mbali kabisa kwanza. Maandishi ya kiberiti cha pili yakiwa ndiyo makali kwa wingi, lenzi inalenga mbele. Miili mingi ya DSLR ya daraja la kati ina marekebisho kwenye menyu. Ya bei ya chini mingi haina, uliza kabla ya kulipa. Sigma nayo inakubali kurekebishwa kwa kituo chake cha USB, nafasi 16, umbali nne kwa urefu nne wa zumu. Matokeo yakitawanyika, leo cha kwanza, kesho cha nne, hilo si la kurekebisha. Usinunue.

Isiyo na kioo haina ugonjwa huu.

Na Sigma hiyo ikiwa 600 kamili kwenye f/6.3 inalegea kidogo. f/8, au rudi 550.

mnandi74

Naongeza: ukiegemeza kwenye dirisha la gari, zima injini. Na mwombe aliye kiti cha nyuma aache kuhamahama.

kwera_wa_nakuru

Asanteni sana. Naelekea kwenye DSLR na 150-600, kwa sababu ya Kakamega. Mawili yamebaki: yangeyange wanatoka weupe tupu bila manyoya, na huo mfuko wa maharagwe unatengenezwaje?

mafunjo_dunga

Yangeyange: kamera inaona maji meusi, inaongeza mwangaza, mweupe anaungua. Punguza −2/3, jua likiwa kali, −1. Washa onyo la kumetameta kwenye kioo. Mgongo wa ndege ukimetameta, punguza tena. Furukombe kichwa chake ni cheupe na mwili wa kahawia, kwa hiyo pimia kichwa. Manyoya ya kahawia yenye giza yanaokolewa kwenye RAW, meupe yaliyoungua hayarudi.

fundi_fokasi

Mfuko: kata mguu wa jinzi kuukuu, sentimita 40, shona upande mmoja, upande wa pili weka zipu. Maharagwe kilo mbili hadi mbili na nusu. Usijaze, acha robo wazi ili ukae kama tandiko juu ya kioo cha gari kilichoshushwa nusu, uzito ukining'inia pande zote mbili. Ukijaa, lenzi inabiringika juu yake kama juu ya gogo. Bonyeza lenzi kwa kiganja cha kushoto, usiishike kwa chini. Mchele nao unafaa, unakaa vizuri zaidi, ila unavuja kwenye mshono mbaya. Maharagwe yakinyeshewa yatoe siku hiyohiyo uyapike, yasije yakaotea mfukoni.