Wiki ya 36, mimba ya kwanza: nitembee au nilale?

Kijacho_Tanga: Shikamooni wakubwa. Mama mkwe ananidekisha nyumba nzima nimeinama, eti njia ifunguke. Shangazi anasema nitulie kitandani. Kiuno kinauma, miguu inavimba jioni. Na hivi mtu anaruhusiwa kuchagua mkao wa kuzalia, au ni chali tu?

Mama_Watatu: Marahaba mwanangu. Kupiga magoti kulinipunguzia mgongo, hayo ya njia sijui. Jioni nilikuwa natembea hadi kwa muuza mihogo na kurudi, nachuchumaa nimeshika fremu ya mlango. Uchungu wa huyu wa mwisho nilizunguka korido na khanga kiunoni. Ukikaza naegemea ukuta nakata kiuno taratibu kama niko unyagoni, mdogo wangu ananisugua mgongo. Manesi walicheka, wakaniacha.

Mkunga_Mstaafu: Chali si lazima. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2018 unahimiza mama asiye na matatizo atembee, achague mkao, na awe na mtu wake pembeni. Ila waulize kliniki sasa, usingoje uchungu. Hiyo miguu: kichwa kikiuma sana, uso ukivimba au macho yakiona ukungu, nenda siku hiyohiyo wapime presha na mkojo. Damu ikitoka, chupa ikipasuka au mtoto akipunguza kucheza, nenda hospitali papo hapo.

Kijacho_Tanga: Asanteni. Presha jana 110/70. Nimemsomea mama mkwe, kasema basi nideki sebule tu.