Ushauri: binti aende ushangiliaji wa shule au wa klabu?

Mama Pacha: Wakuu, naomba mawazo. Binti yangu ana miaka 13, mwepesi, sarakasi anaziweza. Kachaguliwa sehemu mbili: timu ya shule inayoshangilia pembeni mwa uwanja, na klabu ya mashindano, hii ya olistaa. Yeye kang'ang'ania klabu. Baba yake anasema kote ni kukata viuno tu. Mimi roho juu nikiona wanavyorushwa.

Beisi Mstaafu: Dada, hivyo ni vitu viwili tofauti. Timu ya shule kazi yake ni mashabiki: kuongoza nyimbo, kuinua mabango, kukaa uwanjani mechi nzima hata mkifungwa mengi. Olistaa hawamshangilii mtu, wao wenyewe ndio mchezo. Dakika mbili na nusu za sarakasi, piramidi na dansi, majaji wanatoa alama.

Nilikuwa beisi, yaani mbebaji. Watu humtazama flaya aliye juu, ila anayeokoa shingo ni yule wa nyuma: anashika vifundo vya miguu, na flaya akiteleza anamdaka mabegani. Usilipe ada kabla hujaona mazoezi. Ukimkuta huyo wa nyuma anapiga stori wakati mtu yuko juu, chukua mwanao mwondoke.

Pembeni Kabisa: Hofu ipunguze kidogo. Olistaa ina ngazi, na ngazi ya kwanza kanuni haziruhusu kurushana. Waulize watamweka ngazi gani, na kocha ana cheti gani.

Mjukuu wa Refa: Shemeji nadhani kawaona wa Dallas Cowboys kwenye runinga. Wale ni wachezaji dansi wa timu ya kulipwa ya futiboli ya Marekani, tawi jingine la ushangiliaji. Mwambie aliyeanzisha ushangiliaji mwaka 1898, Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, ni mwanamume, Johnny Campbell. Tena mwaka 2021 Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa ililitambua rasmi shirikisho la dunia la ushangiliaji. Viuno gani tena!

Mama Pacha: 😂 Nitamsomea. Hawezi kufanya yote mawili?

Beisi Mstaafu: Wapo wanaoweza, lakini mwaka wa kwanza ratiba zitamchosha. Kwa mwenye sarakasi, mimi ningempeleka klabu.

Mama Pacha: Na sare za klabu zinanunuliwa na nani?

Pembeni Kabisa: Wewe hapo. Na viatu, na riboni, na nauli ya kila shindano.