Wenye Parkinson na mnaouguza: nini kimewatuliza mitetemeko? Tupeane uzoefu

Mwana wa Machame

Habari za jioni wanajamvi, na shikamoo kwa wakubwa.

Baba yangu ana miaka 71, mwalimu mstaafu, tuko wilaya ya Hai, Kilimanjaro. Mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka, huu mwaka wa tatu. Kidole gumba kinasugua cha shahada kama mtu anayehesabu noti ambazo hana. Majirani wakasema pombe, na huyu mzee hata mbege huionja tu kwenye shughuli. Shangazi akasema kuna mkono wa mtu. Tulizunguka karibu mwaka mzima mpaka tukafika kwa daktari wa mishipa ya fahamu. Alimtembeza koridoni, akamwambia afumbe na kufumbua vidole haraka haraka, kisha aandike sentensi moja. Mtu aliyefundisha miaka 35 alianza na herufi kubwa nzuri, akamaliza na sisimizi. Parkinson. Chembe za ubongo zinazotengeneza dopamini, ile kemikali inayosaidia mwili kutembea na kujiendesha, zinakufa; dawa ya kuzirudisha haipo, zipo za kupunguza shida.

Baadaye nikaja kujua kwamba hapa hapa Hai watafiti walipita nyumba kwa nyumba miaka ya 2000, eneo lenye watu zaidi ya 160,000, wakapata wagonjwa 33. Wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini. Kumbe sisi na mwaka wetu wa kuzunguka tulikuwa na nafuu.

Anameza levodopa, dawa ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini, iliyochanganywa na carbidopa mara tatu kwa siku. Kutembea kumekuwa kwepesi, kujigeuza kitandani pia, ila mkono bado. Kinachoniuma ni kwamba ameacha kanisa. Siku ya ushirika kikombe kilimgonga meno, divai ikamwagikia shati jeupe mbele ya wanafunzi wake wa zamani. Tangu siku hiyo kila Jumapili asubuhi kichwa kinamuuma.

Naomba yale mliyoyafanya wenyewe mkaona unafuu, hata kama ni kitu kidogo. Ndugu zetu wa virutubisho, leo mtusamehe.

Kunamua

Pole sana ndugu yangu. Mimi ni wa Unguja, ami yangu anao mwaka wa sita. Sisi tulichokijua tulikijua barazani, kwenye bao. Ami akikaa kusikiliza mazungumzo, mkono uko gotini unacheza wenyewe. Ikifika zamu yake, akichota kete akaanza kuzigawa shimo kwa shimo, umetulia kama si ule. Akimaliza, akiurudisha gotini, unaanza tena. Tulidhani anajifanya! Daktari ndiye aliyetwambia kuwa mtetemeko wa Parkinson mara nyingi ni wa mkono uliopumzika. Ukipewa kazi hupungua, na akilala usingizi huondoka kabisa.

Basi sasa mkono haukai bure. Ana tasbihi, tena ya kokwa nene. Muuza kahawa anajua kikombe cha ami ni nusu, na akitaka zaidi humtilia tena. Na ukimkodolea macho ule mkono, unazidi. Akielekea kufungwa pia unazidi, kwa hiyo wapinzani wake wanajua hali ya mchezo kabla hawajahesabu kete.

Sindano na Uzi

Kunamua, mimi ni kinyume cha ami yako, ndiyo maana naandika. Mikono yangu ikikaa haina neno. Nikitaka kutunga uzi kwenye sindano, au nikibeba kikombe cha chai, yote miwili inatetemeka. Marehemu mama alikuwa hivyo hivyo. Mtaani walishanipa Parkinson, na nikaanza kupunguza wateja. Nilipopimwa nikaambiwa huu ni mtetemeko mwingine, wa kurithi, na dawa yake ni nyingine. Nimepewa propranolol, baada ya kuulizwa kwanza kama nina pumu. Siyo kwamba imekwisha, ila naweka vifungo tena. Anayetetemeka asianze kumeza dawa za jirani anayetetemeka.

Binti wa Murang'a

Hamjambo. Mimi ni Mkenya, namtunza mamangu. Makosa yetu yalikuwa mawili na yote tuliyafanya kwa nia njema.

La kwanza ni githeri, mahindi na maharagwe. Mum alikuwa anameza dawa katikati ya chakula cha mchana, na siku nyingi chakula ni githeri. Saa nane mikono inacheza, tunasema dawa ni feki. Kumbe protini ya maharagwe inagombania njia na levodopa pale inapoingia mwilini. Tulipoanza kumpa na maji matupu nusu saa kabla ya kula, tofauti tuliiona wiki hiyo hiyo. Nyama na maharagwe vimehamia usiku. Hajaacha, amehamisha tu saa.

La pili lilikuwa baya. Dawa zilimletea kichefuchefu, tukaenda kliniki moja ya karibu, wakampa metoclopramide. Siku chache tu, mum akawa kama ubao. Mkono uliokuwa mzima nao ukaanza, uso haucheki wala haukasiriki. Daktari wake alipoona ile pakiti alikaa kimya kwanza. Akatueleza kuwa dawa hiyo inaziba dopamini mpaka ndani ya ubongo, yaani tulikuwa tunajaza ndoo huku tumeitoboa. Akabadilisha akampa domperidone, baada ya kumpima moyo. Sasa mum ana kadi kwenye mkoba imeandikwa kwa kalamu nyekundu: SINA RUHUSA YA metoclopramide, haloperidol. Dada wa famasi akiuliza chochote, kadi inatangulia.

Mgosi wa Tanga

Najua kuna mtu atakuja na upupu hapa, acha niwahi.

Ni kweli. Mbegu za upupu, ule ule tuliokuwa tunatupiana shuleni mpaka mtu anavua shati, zina levodopa ndani yake. Nilimsagia mama mkwe, kijiko kwenye uji. Mtetemeko ukapungua kweli, nikajiona daktari. Nilichosahau ni kwamba alikuwa pia na vidonge vya hospitali. Siku ya nne akatapika, halafu mwili ukaanza kujinyonga, shingo huku, bega kule. Siyo kutetemeka tena, ni kama mtu anacheza ngoma asiyoitaka. Dozi ilizidi. Kijiko cha leo na cha kesho havina kipimo kimoja, hapo ndipo penye hatari. Sitaki kusema zaidi, mke wangu ni mwanachama humu.

Chuma Chakavu

Ninayeandika ndiye mgonjwa. Miaka 58, nilikuwa naendesha lori Dar kwenda Tunduma. Nilipewa jina la ugonjwa nikiwa na 52. Naandika kwa kidole kimoja, mnivumilie.

Saa ni dawa. Simu yangu inalia saa kumi na mbili asubuhi, saa tano, saa kumi na saa tatu usiku. Nikichelewa dakika arobaini mguu wa kushoto unanikumbusha. Kwangu kuna "dawa imepanda" na "dawa imeshuka", na mambo yote ya aibu nayafanya imepanda: kunyoa, kwenda benki, kutuma pesa kwa simu. Niliwahi kukosea namba ya siri mara tatu kwa wakala, laini ikafungwa, foleni nyuma inasonya. Sasa natuma nyumbani, kiwiko juu ya meza, mkono wa pili umekamata kifundo. Kiwiko kikipata pa kuegemea, nusu ya vita imekwisha.

Chakula: ugali ni rafiki, unashika kwenye kiganja. Wali ndio adui. Nimenunua kijiko kizito cha chuma, kile cha bati nimempa mjukuu. Chai kwenye kikombe chenye mfuniko. Mrija pia, nilikataa miezi sita kwa sababu ya kiburi.

Na kuficha mkono mfukoni, acheni. Mimi nilificha mwaka mzima na ulikuwa unatetemeka hadi sarafu zinalia. Konda mmoja aliwahi kuniambia "mzee umeanza mapema leo". Siku hizi nikipanda natangulia: kijana, nina ugonjwa wa kutetemeka, nipe nafasi nishike bomba. Nikishasema, mkono unapoa. Sijui niwaelezeje, ila unapoa.

Mwaka 1996 Muhammad Ali aliwasha mwenge wa Olimpiki kule Atlanta huku mkono unamtetemeka. Tuliangalia kijiweni na mimi ni mmoja wa waliocheka. Naikumbuka sana siku ile.

Mama Wawili

Mmesahau benzhexol. Kwa baba mkwe mtetemeko ulishuka haraka kuliko kwa dawa nyingine yoyote. Lakini ana miaka 76. Mdomo ukakauka, haja ndogo ikawa shida, halafu akaanza kufukuza mbuzi sebuleni. Mbuzi hatuna. Daktari aliipunguza kidogo kidogo mpaka ikaisha, hakuikata ghafla. Mbuzi wameondoka, mtetemeko umerudi kiasi, na mzee mwenyewe amesema heri mtetemeko.

Mwana wa Machame

Asanteni sana, sikutegemea. Nimemsomea mzee yote, kwa Mgosi alicheka hadi akakohoa.

Mrejesho wa wiki mbili. Kumbe na sisi tulikuwa tunampa dawa na chai ya maziwa na mayai. Tumehamishia kabla ya chakula, na daktari tumempigia akakubali. Kutetemeka kumepungua asubuhi, jioni bado. Tasbihi kwa Mlutheri ilikuwa ngumu, ila mwenyewe akachagua kipande cha chaki, anakizungusha vidoleni kama alivyokuwa akifanya darasani. Nimeongea na mchungaji, atachovya mkate kwenye divai ampe hivyo, kikombe asikiguse.

Jumapili alienda. Alikaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango, mkono mfukoni na chaki yake. Chuma Chakavu usinigombeze, ni mara ya kwanza. Tuliporudi suruali nyeusi ya suti ilikuwa nyeupe kuanzia mfukoni mpaka gotini, na mama anataka kujua ni nani kati yetu atakayeifua.