Tupeane uzoefu: uliyokutana nayo ulipobadilisha nemuseva za domeini

Fundi_Njiro: Wakuu, salaam. Wengi wanadhani kubadilisha nemuseva, yaani seva zinazojibu jina la domeini linaelekea wapi, ni kuhamisha tovuti tu. Kumbe unahamisha kila kitu kinachotumia jina hilo, imeili zikiwemo. Kuna mteja wangu ana loji Karatu. Kabla hajanijia, kampuni iliyomtengenezea tovuti mpya iliingia kwa msajili (kampuni iliyosajili domeini), ikafuta nemuseva za zamani na kuweka za hosti yao, yaani kampuni inayohifadhi tovuti. Tovuti ikafunguka safi, watu wakapongezana. Sasa, imeili za loji zilikuwa Google, na rekodi za MX, zinazoonyesha barua zipelekwe wapi, hakuna aliyezihamisha. Seva ya hosti mpya ikaanza kupokea barua yenyewe: za anwani isizozijua ikazirudisha, na za “info” ikaziweka kwenye kisanduku ambacho pale loji hakuna aliyejua kama kipo. Walishtuka wakala wa safari alipopiga simu kuuliza mbona hajibiwi.

Mimi huanza na kunakili rekodi zote: A (anwani ya seva ya tovuti), MX, TXT za SPF na DKIM (za kuthibitisha imeili zinazotumwa kwa jina hilo), hadi vikoa vidogo. Naziweka kwenye nemuseva mpya na kuziuliza nemuseva hizo zenyewe kwa dig, amri ya kuuliza rekodi za domeini. Zikijibu sawa, ndipo naenda kwa msajili. Leteni ya kwenu.

binti_wa_seva: Umenikumbusha DNSSEC, ulinzi wa kusaini majibu ya DNS (mfumo wa majina ya domeini) ili yasighushiwe. Kazini tulikuwa na .com iliyosainiwa. Nemuseva zikabadilishwa, ila rekodi ya DS, inayotambulisha ufunguo wa saini za zamani, ikaachwa kwa msajili. Wanaotumia 8.8.8.8 (DNS ya Google, inayokagua saini) hawaioni tovuti kabisa, jirani anayetumia DNS isiyokagua saini anaperuzi bila shida. Mabishano ofisini, acha tu! Ondoa DS kwanza, subiri muda wake wa kukaa kwenye kumbukumbu uishe, halafu ndio uhame. Ukishatulia upande wa pili, saini upya.

Juma_wa_Nyali: Huku Mombasa kisa kikubwa ni nani ana nywila. Duka la vipuri, .co.ke yao ilisajiliwa kwa imeili ya kijana aliyewaundia tovuti, naye hashiki simu. Nemuseva zilikuwa tayari, hakuna wa kuziingiza. Ikabidi mwenye duka apeleke cheti cha usajili wa biashara kwa msajili athibitishe kuwa jina ni lake. Domeini isajiliwe kwa imeili ya mwenye mali, jamani.

mgeni_IT: Samahani wakuu, huwa tunaambiwa tusubiri saa 48. Mimi yangu ilifunguka baada ya dakika chache. Kwa nini?

Fundi_Njiro: Mdogo wangu, kwa .com seva za juu hutoa rekodi za NS (zinazotaja nemuseva zako) zenye TTL, yaani muda wa jibu kukaa kwenye kumbukumbu, ya sekunde 172800, ndizo hizo saa 48. Aliyewahi kuuliza jina lako jana anaweza kubaki na jibu la zamani hadi muda huo uishe. Ambaye hajawahi kuuliza anapata jipya papo hapo. Kushusha TTL ndani ya zoni yako (rekodi zako mwenyewe kwenye nemuseva) hakugusi namba hiyo ya juu. Kwa hiyo seva ya zamani usiizime siku hiyo hiyo, iache ijibu.

binti_wa_seva: Na ukitaka kujua kama msajili kweli amepeleka mabadiliko, uliza a.gtld-servers.net, moja ya hizo seva za juu za .com, moja kwa moja: dig NS jina lako @a.gtld-servers.net. Kwenye majibu, angalia sehemu ya AUTHORITY. Ukiona za zamani, msumbue msajili.