Uzi mmoja wa faiba kwa kutuma na kupokea: sakuleta, kapla au moduli za BiDi?

MtuWaMkongo (mwanzisha mada)

Wakuu, naomba ushauri wenu kabla sijatoa oda. Tuna vituo viwili vilivyoachana kilomita 60 hivi, na kati yake tumekodishiwa kori (uzi) moja tu ya faiba ya kawaida ya kiwango cha G.652. Tulipoipima kwa mwanga wa 1550 nm (nanomita, urefu wa wimbi, yaani rangi ya mwanga) ilionyesha upotevu wa dB 15 (desibeli, kipimo cha kupungua kwa mwanga), maungio na konekta zote zikiwemo. Stoo tayari kuna moduli za 10G (gigabiti 10 kwa sekunde) za aina ya ZR, yaani za masafa marefu, zinazotuma na kupokea kwa 1550 nm kupitia matundu mawili, kwa sababu zilinunuliwa wakati tulipotarajia kupewa nyuzi mbili. Mwenye faiba sasa anasema uzi wa pili haupo.

Ninaziona njia tatu. Naweza kufunga kapla ya 50/50, kigawanyaji kinachogawa mwanga nusu kwa nusu, kila upande, ambayo ni ya dola chache. Naweza kufunga sakuleta ya milango mitatu kila upande, ambayo bei yake ni makumi kadhaa ya dola na kuendelea. Au niziache moduli nilizonazo na kununua za BiDi, ambazo zinatuma kwa rangi moja na kupokea kwa nyingine kwenye uzi uleule. Mhasibu, kama mnavyoweza kukisia, anapenda njia mbili za kwanza. Sakuleta sijawahi kuifunga, kwa hiyo mtakaponijibu naomba mnieleze pia inavyofanya kazi.

MwlFizikia

Ndugu, nianze na hilo la mwisho. Sakuleta ya milango mitatu ni kama kipilefti: mwanga unaoingia mlango wa 1 hutokea mlango wa 2, unaoingia mlango wa 2 hutokea mlango wa 3, na hakuna anayeruhusiwa kurudi alikotoka. Kwa matumizi yako, kirushi kinafungwa mlango wa 1, uzi wa nje mlango wa 2, na kipokezi mlango wa 3.

Siri yake imo katika jambo alilogundua Michael Faraday mwaka 1845, kwamba mwanga ukipita kwenye kioo kilichomo ndani ya uga wa sumaku, mkao wa mtetemo wake huzunguka, na upande unakozungukia huamuliwa na sumaku, wala si na mwelekeo wa safari ya mwanga. Hii ni tabia ya ajabu, kwa maana vifaa vingi vya mwanga, lenzi na vioo vikiwemo, hukubali mwanga urudi kwa njia uliyojia. Ndani ya sakuleta ya 1550 nm kuna fuwele nyembamba ya ganeti ya chuma yenye bismuthi, isiyofika hata milimita moja kwa unene, inayozungusha mtetemo kwa digrii 45, na kando yake kuna bapa la nusu wimbi linalozungusha digrii 45 nyingine. Mwanga ukienda mbele mizunguko hiyo miwili hujumlishana na kuwa 90. Ukirudi hufutana na kuwa sifuri. Fuwele nyingine, mara nyingi za vanadeti ya itriamu, huugawa mwanga katika mitetemo miwili mwanzoni na kuiunganisha tena mwishoni, na kwa kuwa mitetemo ya kwenda na ya kurudi imegeuzwa tofauti, miale hiyo inasukumwa pembeni kwa viwango tofauti na kutokea kwenye milango tofauti. Ndiyo maana sakuleta hii haijali mwanga umefika ukiwa na mtetemo wa mkao gani, jambo la lazima kwa sababu faiba ya kawaida haiutunzi mkao huo.

Angalizo moja: digrii 45 hupatikana kwenye dirisha la rangi lile tu ambalo kifaa kimetengenezewa. Sakuleta ya kawaida ya 1550 usiipelekee mwanga wa 1310.

MzeeWaDesibeli

Tufanye hesabu, maana bila hesabu tutabishana hadi kesho. Kapla ya 50/50 inakula dB 3 kwa kugawa na kidogo zaidi kwa kasoro zake, tuseme 3.4 kila unapopita. Utapita moja ukitoka na nyingine ukiingia, kwa hiyo 15 yako inakuwa 21.8. Sakuleta nzuri inakula kama dB 0.8 kwa kila hatua, na jumla inakuwa 16.6. Tofauti ni dB 5.2, ambayo kwa faiba inayopoteza 0.22 kwa kilomita ni sawa na zaidi ya kilomita 23 za bure.

Chukua moduli ya ZR inayotuma +2 dBm (dBm ni nguvu ya mwanga ikilinganishwa na miliwati moja), na yenye uwezo wa kupokea hadi karibu -24. Kwa kapla kipokezi kitapata -19.8, na akiba inayobaki ni dB 4. Kwa sakuleta kitapata -14.6, na akiba ni dB 9. Faiba ikikatwa na kuungwa mara kadhaa, kama tunavyojua tingatinga za barabara zilivyo na urafiki na faiba zetu, akiba ya dB 4 haichukui muda kuisha. Mimi nasema sakuleta.

BiSplaisi

Mzee wangu, hesabu yako haina kasoro, ila imeishia njiani. Umehesabu mwanga unaotoka kwa jirani. Hujahesabu mwanga wako mwenyewe unaorudi.

Sakuleta hupanga mwanga kwa kuangalia mwelekeo wake. Haiulizi umetoka kwa nani. Chochote kinachoingia mlango wa 2 kutoka nje kitapelekwa mlango wa 3, iwe ni ujumbe wa kituo cha pili au ni mwangwi wa leza yako uliogonga konekta na kurudi.

Fikiria fundi amechomoa pachikodi (kipande cha uzi wa kuunganishia) ya UPC, yaani yenye ncha iliyosuguliwa bila kuinama, pale kwenye fremu ya kituo chako. Ncha iliyo wazi hewani hurudisha takriban asilimia 3.5 ya mwanga, yaani -14.7 dB. Sasa fuata njia: +2 toka kwenye leza, toa 0.8 ya sakuleta, toa 14.7 ya ncha, toa 0.8 nyingine kuingia mlango wa 3. Kipokezi kinapata -14.3 dBm. Ujumbe halisi wa kituo cha pili ulikuwa -14.6! Moduli haitatoa kengele ya kukosa mwanga, taa ya swichi inaweza kubaki ya kijani, na swichi itakuwa inajisikiliza yenyewe huku vifurushi vyake vya data vikiirudia. Usipokuwa umewasha kinga ya kitanzi, hitilafu ya waya mmoja itakuwa hitilafu ya mtandao mzima, na aliye zamu atakuwa anaangalia kipimo cha mwanga kinachosema kila kitu ni kizuri.

Kwa hiyo atakayeamua kufunga sakuleta afunge konekta za APC, zenye ncha iliyoinama, kuanzia mlango wa 2 hadi mlango wa 2 wa upande wa pili. Ile ncha iliyosuguliwa kwa digrii 8 huutupa mwanga nje ya kiini hata ikiwa wazi.

MtuWaMkongo

Dada, hilo la taa ya kijani sikuwa nimelifikiria kabisa, ahsante. Je, nikibadilisha konekta zote ziwe za APC, tatizo la mwangwi litakuwa limekwisha?

MwlFizikia

La konekta litakwisha. La faiba yenyewe litabaki, kwa sababu kioo chenyewe hutawanya mwanga kidogo katika kila mita, na sehemu ya mwanga huo hurudi ulikotoka. Ndio mtawanyiko wa Rayleigh ambao OTDR, kifaa cha kupima faiba kwa mwangwi wa mwanga, huutegemea kuchora mstari wake. Kwa faiba ndefu jumla ya mwanga unaorudi kwa 1550 nm ni karibu -32 dB ya ule uliotumwa. Ujumbe wa kutoka kwa jirani umepungua kwa 15. Uwiano baina ya ujumbe na mwangwi ni dB 17, na naomba uangalie kwamba uwiano huo hautokani na kifaa ulichofunga. Kapla hupunguza ujumbe na mwangwi kwa kiasi kilekile. Sakuleta nayo vilevile. Akiba ya nguvu aliyoihesabu Mzee ni ya kweli, lakini haiongezi hata nusu dB katika uwiano huu. Na kadiri faiba inavyorefuka ndivyo ujumbe unavyosogelea mwangwi, kwani mwangwi tayari umefika kikomo chake.

DB 17 inaonekana nyingi, na ingekuwa nyingi kama leza hizo mbili zingekuwa na rangi tofauti vya kutosha. Zikikaribiana, mwanga wao hupigana ndani ya kipokezi na kuzaa kelele inayoangukia palepale kwenye mawimbi ya ujumbe wa 10G. Moduli za ZR huruhusiwa kuwa popote kati ya takriban 1530 na 1565 nm, na hakuna anayekuahidi kwamba mbili za kundi moja la kiwandani zitakuwa mbalimbali. Joto nalo huhamisha rangi. Leza ya DFB (aina ya leza ya rangi moja inayotumika kwenye moduli hizi) isiyopozwa huhama takriban 0.1 nm kwa kila nyuzi joto 1. Kiungo cha namna hii chaweza kupita majaribio yote ya asubuhi kisha kikaanza kuhesabu makosa mchana, na ukaanza kumshuku fundi aliyeunga faiba.

MzeeWaDesibeli

Hapo tunaelewana, ila nisiachwe na lawama yote. Sakuleta kwenye uzi mmoja haijakatazwa popote. Mtu akiwa na moduli za DWDM, ambazo kila moja hutuma kwa chaneli yake, yaani rangi yake maalumu, kituo kimoja kikatumia chaneli moja na kingine chaneli ya mbali, kelele ya kupigana kwa rangi inaondoka na uwiano wa 17 unatosha.

BiSplaisi

Ni kweli, lakini mtu aliyekwisha kununua moduli za chaneli mbili tofauti anaweza kufunga filta ya DWDM kila upande, ambayo upotevu wake hauko mbali na wa sakuleta, na ikamwondolea mwangwi pia kwa sababu filta inachagua rangi. Sakuleta hapo inakuwa mgeni asiye na kazi.

Na kuna kero nyingine ambayo wauzaji hawaitaji. Ukishafunga sakuleta, usitarajie kupima faiba kwa OTDR kupitia mlango wa 1. Mshindo wa mwanga utatoka vizuri mlango wa 2, lakini kila kinachorudi kitakwenda mlango wa 3, na skrini itakuonyesha faiba iliyokufa baada ya mita chache. Nimeshuhudia timu ikitumwa na gari kutafuta mkato usiokuwepo. Lazima uchomoe kwenye mlango wa 2 na upimie hapo.

NuruYaMaabara

Naona mada inaelekea kuihukumu sakuleta, nami nimeitumia kwa miaka nikiridhika, kwa hiyo nitoe ushahidi wa upande wa pili. Maabara yetu hupima mkazo kwenye mihimili ya zege kwa wavu wa Bragg, ambao ni mistari iliyochorwa ndani ya kiini cha faiba ili irudishe rangi moja tu. Mhimili ukivutika, rangi hiyo huhama takriban pikomita 1.2 kwa kila mkazo wa sehemu moja kwa milioni. Joto nalo huihamisha karibu pikomita 10 kwa nyuzi joto 1, ndiyo sababu tunaweka wavu wa pili usiovutwa kwa ajili ya kusahihisha joto.

Katika kazi hii, kile ambacho Bi Splaisi anakikimbia ndicho tunachokitafuta. Mwanga mpana unaingia mlango wa 1, unakwenda kwenye mhimili kupitia mlango wa 2, na mwangwi wa wavu unakuja kwenye kipima rangi kupitia mlango wa 3. Filta ya rangi haiwezi kutusaidia, kwa kuwa kinachokwenda na kinachorudi ni rangi ileile. Kwa kapla tungepoteza dB 6.8 kwenda na kurudi badala ya 1.6, na nusu ya mwangwi ingerudi kwenye chanzo cha mwanga, ambacho hakipendi kabisa jambo hilo, hivyo tungelazimika kununua isoleta, kifaa kinachoruhusu mwanga upite upande mmoja tu. Kapla tunaiwekea wanafunzi wa mwaka wa kwanza, kwa wavu mmoja unaorudisha mwanga mwingi, na kwa somo hilo inatosha.

Ushauri kwa anayeipokea mpya: pima kabla ya kufunga, na usiamini rangi za nyaya, kwani kila kiwanda kina mpangilio wake. Mlango wa 1 kwenda 2, na 2 kwenda 3, isizidi dB 1 hivi. Kinyumenyume, yaani 2 kwenda 1 na 3 kwenda 2, tarajia 40 au zaidi. Kipimo cha 1 kwenda 3 ndicho kinachowachanganya watu: ukiacha mlango wa 2 wazi utasoma karibu dB 16 na kudhani kifaa ni kibovu, kumbe unapima ile asilimia 3.5 ya ncha iliyo wazi. Zungusha uzi wa mlango wa 2 kwenye kalamu nyembamba mara kadhaa ili mwanga uvujie hapo, kisha usome tena. Kifaa kizima kitafika 50. Kama uzi huo ni wa G.657, usiojali kukunjwa, kalamu haitasaidia sana, tumia jeli ya kulinganisha kioo kwenye ncha.

MtuWaMkongo

Nimeelewa, wakuu. Nitamwandikia mhasibu kwamba tunahitaji BiDi, na moduli za ZR zitasubiri uzi wa pili au kiungo kingine. Swali la mwisho: nimeona za 10G zinazotumia 1270 na 1330 nm, na nyingine za 1490 na 1550. Za kwanza ni za bei rahisi zaidi.

MzeeWaDesibeli

Kwa kilomita 60 ziache hizo za kwanza. Kwenye 1270 na 1330 faiba inapoteza kama 0.35 kwa kilomita, kwa hiyo utaanza na dB 21 kabla hujahesabu konekta. Chukua za 1490 na 1550 zilizoandikwa kilomita 80.

BiSplaisi

Na agiza kwa jozi, kwa kuwa inayotuma 1490 haiwezi kuzungumza na mwenzake anayetuma 1490. Akiba ya stoo iwe na za aina zote mbili, na kila kituo kibandikwe lebo ya rangi inayotumwa, la sivyo atakayeamshwa usiku atachomeka ile isiyo yake.