Familia ya Shosho: nani ako na Flagyl ilibaki?

Aunti Rose: Habari za jioni familia. Kuna mtu hapo Umoja ako na Flagyl ilibaki? Brayo tumbo inamwendesha tangu asubuhi na kemisti ya hapa chini imefungwa

Mama Shiru: Pole Rose. Nko na mkebe mzima, Flagyl, zile za rangi mbili, hata Cipro nne. Tuma mtu akuje

Shiru: Mum usipeane tafadhali 🙏🏾 Aunti kuna damu? Ana homa?

Aunti Rose: Hapana ni kuendesha tu, alikula smoki na kachumbari steji

Shiru: Basi ni ORS, ile poda ya chumvi na sukari, changanya vile imeandikwa kwa pakiti, anywe kidogo kidogo kila akitoka choo. Mara nyingi huisha yenyewe. Ukiona damu ama homa ipande mpeleke hosi usiku huohuo

Anko Mwas: Lakini Shiru si hizo dawa tumemeza miaka yote na tuko sawa

Shiru: Anko hii kitu inaniuma kwa sababu naiona kazini kila siku. Kwa utumbo kuna bakteria wengi sana wanaotusaidia, wanalinda hata ukuta wa utumbo wenyewe, na antibayotiki kama hizo za mkebe wa mum haichagui, inafagia wazuri na wabaya. Chuo Kikuu cha Umeå huko Sweden walitoa utafiti 2021, wakalinganisha watu kama 40,000 wenye kansa ya utumbo mpana na 200,000 wasio nayo, wakapata wale walitumia antibayotiki zaidi ya miezi 6 ukijumlisha, hatari yao ilikuwa juu kwa asilimia 17, hapo mwanzo wa utumbo mpana, upande wa kulia

Mama Shiru: Asilimia 17?? Ngai mimi na huu mkebe

Shiru: Sio watu 17 kwa 100 mum. Ni kama mahali wangepata 100, sasa wanapata 117. Na huo utafiti haujathibitisha ni dawa inaleta. Ila kuna dawa ya maambukizi ya mkojo haisumbui hao bakteria, na waliotumia hiyo hatari haikupanda, ndio maana wanashuku ni bakteria kuvurugwa. Nimonia ikikushika usiogope antibayotiki, meza dozi vile daktari ameandika

Anko Mwas: Na amiba? Yangu hurudi, nikiona damu kwa choo nameza Flagyl siku tatu inatulia

Shiru: Anko. Inarudi tangu lini?

Anko Mwas: Agosti hivi

Shiru: Umepimwa choo hata mara moja?

Anko Mwas: Hapana, yule kijana wa kemisti hunipa tu

Aunti Rose: Mwas na vile umekonda, nilikuona kwa mazishi nikadhani ni mawazo

Shiru: Hii sasa inanitisha kuliko hayo ya Sweden. Damu ikiacha baada ya siku tatu usidhani ni dawa imefanya, damu ya uvimbe huja na kupotea yenyewe, na wewe unazidi kungoja. Inaweza kuwa bawasiri, inaweza kuwa amiba kweli, lakini una miaka 47 na umekonda, hatukisii. Utapimwa choo na damu, halafu pengine wapitishe kamera kwa nyuma. Wakipata vinyama vidogo wanavitoa hapohapo kabla vigeuke kansa

Anko Mwas: Nilikuwa naona aibu kusema. Hiyo kamera inauma?

Shiru: Wanakupa dawa ya kukutuliza. Ngumu ni siku ya kabla, unakunywa ya kusafisha tumbo unashinda choo

Shosho: Mwangi utaenda jumatatu. Rose atakusindikiza

Anko Mwas: Sawa mum

Aunti Rose: Nitakupitia saa moja asubuhi, usikunywe hizo Flagyl tena

Mama Shiru: Nimemwaga mkebe mezani, kuna zimeekspaya 2019. Nitupe kwa choo?

Shiru: Usitupe choo wala takataka, watoto wa ploti watazichukua. Nakuja kesho nizipeleke famasia ya hosi

Aunti Rose: Brayo amekunywa glasi mbili, amelala